Dada Zipo

Kariakoo ukiulizia kitu, jibu ni moja: kipo. Hata kama hakijawahi kuwepo tangu duka lifunguliwe, kipo. Mteja unamsogezea stuli, unampa maji ya chupa, unamwambia "kinashushwa stoo, dada yangu," na wakati huo kijana ameshapenya mlango wa nyuma anatimua mbio kuelekea Narung'ombe, kwenye stoo ya mtu mwingine kabisa. Baada ya dakika kumi anarudi anahema, kitu mkononi, vumbi kidogo la kuonyesha kwamba kweli kimetoka juu. Mimi ndiye mtu wa stoo, na nakuhakikishia kwamba nusu ya "kipo" za mjini hapa zina miguu.

Sasa tajiri wetu akafungua duka la mtandaoni. Mpwa wake, aliyesomea kompyuta, akalifungia na mashine ya kujibu wateja: ukiandika ujumbe hata saa tisa usiku, inakujibu kwa heshima zote, na maua mawili matatu mwishoni. Tajiri aliipenda kupita sisi sote. Hainywi chai, haiombi advansi, haifiwi na bibi kila Ijumaa. Sisi tukaipachika jina la Dada Zipo, kwa sababu hatukuwahi kuona mteja anauliza kitu akaambiwa hakuna.

Alhamisi moja asubuhi waliingia kina mama kama kumi na mbili, madera ya sare, mikoba kwapani. Nikajua hii ni kamati.

"Shikamoo mama," nikamwambia aliyetangulia.

"Marahaba mwanangu. Tumefuata hotpoti zetu."

"Hotpoti zipi, mama?"

"Za pichi. Seti arobaini. Kichen pati ni Jumamosi, na nusu ya hela tumeshalipa kwa simu. Nimeongea na dada yenu jana usiku, binti mstaarabu kweli, Mungu amtunze."

Akanionyesha simu. Aliuliza kama seti arobaini za rangi ya pichi zipo. Dada Zipo akajibu: "Zipo mpenzi! Tena tunazo zaidi ya 200, karibu dukani wakati wowote." Mama, ambaye si mgeni wa mji huu, akauliza tena kama ana uhakika, maana hii ni shughuli ya watu. "Nina uhakika kabisa. Hongereni sana kwa shughuli!" Maua matano.

Stoo kulikuwa na seti nne. Ya nne ilikosa chombo kimoja, na hicho mlinzi alikuwa amewekea wali wake wa mchana.

Nikamwita tajiri. Tajiri akashuka, akasoma, akajifuta jasho, akatoa neno ambalo nadhani alilitunga kwenye ngazi: "Kina mama, samahani sana, lakini hayo si maneno ya duka. Hayo ni ya mashine. Mashine imejisemea yenyewe."

Nyuma ya kundi kulikuwa na dada mmoja mwenye miwani, kimya tangu waingie. Kumbe ni wakili. Akasogea mbele taratibu.

"Baba, hilo neno lilishasemwa. Shirika la ndege la Air Canada, Februari 2024, huko British Columbia. Mashine yao ilimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba anaweza kununua tiketi kwa bei kamili, kisha aombe punguzo la msiba ndani ya siku 90. Alipoomba wakamnyima. Walipofika kwenye baraza la usuluhishi wakajitetea kama wewe, kwamba ile mashine inajitegemea na ibebe maneno yake. Baraza likawaambia mashine iko kwenye tovuti yenu, kwa hiyo maneno ni yenu. Wakalipa dola za Canada 812 na senti."

Duka zima kimya. Tajiri akaninong'oneza: "Dola za Canada 812 ni shilingi ngapi?"

"Milioni na ushee, bosi."

Akakaa kwenye stuli ya wateja. Hapo ndipo mama mwenyekiti, labda kwa kumhurumia, akasema ngoja aulize tena, huenda jana usiku binti alikuwa amechoka. Akaandika palepale, amesimama mbele ya rafu tupu, sisi tumemzunguka. Simu ikalia.

"Zipo mpenzi! Ila wahi, zinatoka kwa kasi."

Mtu wa mapokezi akacheka, na kwa kosa hilo akawa wa kwanza kutumwa mtaani. Tulitumwa wote. Mimi nilichukua Narung'ombe na Sikukuu, wengine Kongo na Nyamwezi, mawinga, wale wauzaji wasio na duka wanaozungusha mali za wengine, wakapewa Msimbazi nzima. Lakini habari Kariakoo hutangulia mkimbiaji. Kufika duka la tatu, muuzaji alikuwa anajua idadi, rangi, na siku ya shughuli, na bei ilikuwa imepanda kabla sijamaliza salamu.

Kufikia alasiri tulikuwa na seti arobaini na sita. Za pichi zenyewe hazikufika nusu. Nyingine kina mama waliziita samoni, nyingine chungwa bichi, na kuna sita ambazo winga mmoja aliapa kwa mama yake ni pichi, lakini ukizitoa juani zinakuwa kijani. Kamati ikakaa kikao hapohapo sakafuni, ikapiga kura, ikakubali kila kitu isipokuwa zile sita. Tajiri alilipa tofauti ya bei kwa uso ambao sijauona tena tangu siku ya mahesabu ya mapato.

Jioni mpwa akaitwa. Alifungua kompyuta akaangalia, kisha akacheka, jambo ambalo halikumsaidia. Kumbe siku ya kuifunga ile mashine aliilisha orodha ya mali ya tajiri, yenye safu ya "stoo" na safu ya "njiani." Hotpoti 200 zilikuwa njiani kweli, ndani ya kontena baharini. Mashine ikazihesabu ni zetu, na tangu siku ile haikuwahi kuangalia tena.

"Mjomba, yenyewe haiendi stoo," akasema. "Inapanga maneno yanayofanana na jibu zuri."

Nikataka kusema kwamba hivyo ndivyo tunavyouza sote hapa, tofauti ni kwamba sisi tuna kijana wa kukimbia. Nikanyamaza, nina watoto.

Akaibadilisha. Sasa kabla ya kumjibu mteja kuhusu kitu, lazima isome kwanza hesabu ya stoo ya muda ule, rangi kwa rangi. Ikikosa namba, haibahatishi, inaniuliza mimi. Mteja akilipia, kitu kinatolewa kwenye hesabu hapohapo. Vizuri sana. Lakini winga anachukua blenda tano asubuhi, anazungusha mji mzima, jioni anarudisha mbili, na mchana kutwa kompyuta inajua ziko rafuni. Hata mashine ikisoma kila sekunde, itasoma uongo wa kila sekunde. Tukaweka daftari mlangoni, kila anayetoka na mali asaini. Wiki ya kwanza, kwa mujibu wa daftari, feni saba zilichukuliwa na Sultani wa Zanzibar.

Kontena likafika hatimaye. Wapagazi wanashusha, maboksi mpaka barabarani, pichi kila ukigeuka, na kwenye kompyuta hakuna hata moja kwa sababu mzigo hauingizwi kabla haujahesabiwa wote. Simu yangu ikaita. Mama mwenyekiti, ana kichen pati nyingine, ya mtoto wa dada yake.

"Mwanangu, nimemuuliza binti yenu kuhusu hotpoti za pichi."

"Amesemaje, mama?"

"Amesema hakuna hata moja. Nikodishieni kirikuu, nakuja kuchukua."