Prynne aligeuka, au walihama wenzake?

William Prynne, mwanasheria na mwandishi, ana jina baya kwa pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya miaka ya 1640, kati ya mfalme na Bunge. Alimpinga mfalme Charles I, kisha akalipinga jeshi lililomshinda Charles, na 1660 akawa mstari wa mbele kumrudisha mwana wa Charles. Baadaye akapewa kazi ya kutunza kumbukumbu kwenye Mnara wa London, kwa pauni 500 kwa mwaka. Kigeugeu, wanasema, tena wa kulipwa.

Mimi naanzia kwenye masikio. Mwaka 1634 Star Chamber, mahakama ya mfalme, ilimhukumu kwa kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000 cha kulaani michezo ya kuigiza. Faharasa yake iliwaita wanawake waigizaji malaya, na malkia mwenyewe alipenda kuigiza. Faini pauni 5,000, kifungo, masikio yakakatwa. Mwaka 1637 akarudi kizimbani kwa kuwashambulia maaskofu. Safari hii vigutu vilivyobaki navyo vilikatwa, na mashavuni akachomwa herufi S na L, alama ya mwandishi mchochezi. Yeye akazisoma kwa Kilatini: chapa za Laud, yaani askofu mkuu aliyekuwa adui yake. Mtu wa namna hii umtishe kwa nini tena?

Sasa mtazame Desemba 1648. Hana hata mwezi bungeni, anasimama kuhutubia saa nyingi, akiwasihi wenzake wapatane na mfalme yuleyule ambaye mahakama yake ilimkata masikio. Tarehe 6 Kanali Pride wa jeshi lililoshinda akaweka askari mlangoni pa Bunge kuwazuia wabunge wa aina hiyo, na Prynne akakamatwa. Jamhuri iliyofuata baada ya mfalme kuuawa nayo ikamweka ndani kuanzia 1650 hadi 1653 bila kesi. Hoja yake haikubadilika: mfalme asiikanyage sheria, wala jeshi lisilikanyage Bunge.

Kuna shtaka zito kuliko hilo la ukigeugeu, ila wanaomsema hawalishikilii sana. Mwaka 1643 alitumwa kupekua chumba cha Laud, aliyekuwa mfungwa. Akabeba hadi shajara ya mzee, akaja kuichapisha ikiwa imechezewa. Majaji waliona uhaini haujathibitika kisheria. Bunge likampitishia Laud kifo kwa kura, na Januari 1645 akakatwa kichwa. Mwandaaji mkuu wa mashtaka hayo ndiye huyu huyu bwana sheria. Hapo simtetei, wala pale alipoandika kuwapinga Wayahudi wasiruhusiwe kurudi Uingereza.

Februari 1660 wabunge waliofukuzwa na Pride waliporudishwa, Prynne aliingia na upanga mkuukuu, mrefu, ukamnasa miguuni mbunge mwenzake, Sir William Waller, hadi akaanguka. Watu wakacheka. Mwaka mmoja na ushei baadaye, chini ya mfalme ambaye Prynne mwenyewe alisaidia kumrudisha, alikuwa ameshatoa kijitabu cha kuupinga muswada wa kuyabana mabaraza ya miji, na Bunge likamtaka aombe radhi.