Hata mabenki yameingia, kaka

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko Tanga alinitumia sauti ya dakika nne. Anataka kuuza bodaboda yake, mteja keshapata, hela anirushie mimi nimnunulie Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, huku Uswisi. "Maana kaka, siku hizi hata mabenki yameingia. Hii si ile ya matapeli tena."

Naishi Zug, mji ambao wenyewe wanauita bonde la kripto, yaani la sarafu hizo. Ni kweli, tangu 2016 unaweza kulipia huduma za manispaa kwa Bitcoin, na tangu 2021 mkoa unapokea hata kodi. Habari hizo zikifika nyumbani zinageuka ushahidi. Kisichosimuliwa ni kwamba ofisi ya kodi haishiki koini hata moja: kampuni ya katikati inazibadilisha, serikali inapokea faranga zake. Hawa watu si wajinga.

Na hayo mabenki? Mkuu wa JPMorgan, benki kubwa ya Marekani, Jamie Dimon, mwaka 2017 aliiita Bitcoin utapeli. Mwaka 2019 benki yake hiyohiyo ikatangaza koini yake. Lakini koini ile inasimama badala ya dola moja iliyomo benki, ya kuhamishia fedha za wateja wakubwa. Haipandi wala haishuki. Benki kutumia blokcheni, teknolojia iliyo nyuma ya koini hizi, ni kama benki kununua daftari jipya la hesabu. Daftari halikufanyi wewe tajiri.

Yapo pia mabenki yanayouza koini zenyewe, kama Bitcoin. PostFinance, benki ya posta hapa, ilianza Februari 2024. Ila akiba yako ya faranga benki inalindwa hadi 100,000. Koini ulizonunua kwenye programu ileile ya simu haziingii kwenye kinga hiyo. Mwenzangu kazini anazo, hana wasiwasi. Ana bima ya afya na mfuko wa pensheni ambao mwajiri anachangia kila mwezi. Zikiyeyuka, atakosa likizo ya baharini. Za mdogo wangu zikiyeyuka, ada ya mtoto imekwenda.

Sisemi teknolojia yenyewe haina maana. Kila nikituma hela ya mama nakatwa ada, halafu nakatwa tena kimyakimya kwenye bei ya kubadilisha fedha. Hapo blokcheni ingenifaa. Lakini ile hatua ya mwisho, shilingi kumfikia mama kwa wakala pale sokoni, M-Pesa ilishaimaliza Tanzania tangu 2008, wakati huku bado watu wanapelekewa bili za karatasi kwa posta. Tuliwatangulia, tukasahau kujisifu.

Kinachonitisha zaidi ni sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi haziruhusiwi nchini. Mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Yaani mtoza kodi kafika kabla ya mlinzi. Ukitapeliwa leo, utamshtaki nani, na kituoni utaeleza nini?

Nilimwambia hapana. Akauliza, "Kwani wewe huna?"

Ninazo, za faranga mia tatu. Nilinunua Novemba 2021 ikikaribia dola 69,000, na mwaka haujapita ikawa chini ya 20,000. Nikamuuliza kama yule mteja keshalipa, au bodaboda bado iko uani.