Maiti kwenye siti ya pembeni: wahudumu wa ndege wana kosa au hawana?

Juzi hapa Mwanga, Kigoma mjini, kijiwe cha kahawa kiliwaka moto kwa ishu ya ile ndege ya Qatar Airways ya Februari 2025. Ilikuwa inatoka Melbourne kwenda Doha, mama mmoja akaanguka kwenye korido, wahudumu wakahangaika nae lakini ikashindikana, akafariki, wakajaribu kumpeleka kule mbele bizinesi klasi hawakuweza kupita nae, basi wakamketisha kwenye siti jirani na bwana mmoja wa Australia wakamfunika mablanketi, na huyo bwana akasafiri hivo hivo kama masaa manne mpaka wanatua. Nusu ya kijiwe wakasema huo ni unyama, nusu wakauliza sasa ulitaka wamuweke wapi, angani hakuna stendi. Mzee mmoja wa Ujiji akasema neno moja tu, maiti haketishwi, hulazwa.

Mi hili jambo linanigusa kwa sababu nishaona mtu anafia safarini. Nilikuwa kwenye treni natoka Tabora kuja Kigoma, tumeshapita Usinge hatujafika Nguruka, bibi mmoja aliyekuwa anarudishwa nyumbani kutoka hospitali akakata roho siti ya mbele yangu. Kina mama wakatoa khanga, mmoja akamfumba macho, mwingine akamfunga kidevu kwa kitambaa, sisi vijana tukaambiwa tuhame benchi lote alazwe. Kwahiyo nikisikia mtu kaketishwa na mkanda amefungwa roho inaniuma, sijifichi. Ila treni ina stesheni mbele na behewa lina watu wa kusaidia, ndege iko juu ya bahari na wahudumu hao hao wanatakiwa wakuhudumie wewe, wamtulize mfiwa, na wawe tayari kwa dharura nyingine yoyote.

Tuanze na kile walichofundishwa. Mwongozo wa IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, unasema ukishakandamiza kifua dakika 30 au zaidi, hakuna dalili ya uhai, na ile mashine ya kushtua moyo haisemi mshtue, hapo mnaweza kuacha na kuhesabu kwamba amefariki. Kisha mnampeleka kwenye siti yenye watu wachache karibu, ndege ikiwa imejaa anarudishwa kwenye siti yake au sehemu nyingine ambayo haizibi korido wala mlango wa dharura, anafumbwa macho, anafunikwa blanketi mpaka shingoni, anafungwa mkanda. Mkanda sio dharau jamani, ndege ikipiga mtikisiko mwili usiofungwa unaruka na kuumiza watu. Na wanaosema angewekwa chooni, chooni hakuna mkanda, na mwili ukiteleza nyuma ya mlango mtautoaje? Singapore Airlines waliwahi kuwa na kabati maalum la mwili kwenye zile Airbus A340-500 zilizokuwa zinaenda mpaka Marekani, lakini ndege hizo walishaziondoa 2013.

Kwahiyo kumketisha, kwangu, sio kosa. Kosa ninaloliona ni jingine. Yule bwana alieleza kwamba kulikuwa na siti nyingine tupu, mke wake akahamia moja, yeye hakuna aliyemwambia hama, na hata walipotua akaambiwa abaki palepale wakati watu wa afya wanaingia kuutoa mwili. Shirika lilisema wahudumu walifuata mafunzo yao. Sawa, nakubali, lakini kumwambia mtu "kaka njoo ukae huku" hakuhitaji mafunzo wala pesa. Hapo upande wa wanaolaumu wana haki yao kabisa.

Sasa kuna hoja kwamba rubani angetua uwanja wa karibu mtu akiwa bado anapumua. Hii watu wanaiona rahisi mno. Kuna utafiti ulichapishwa 2013 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, waliangalia dharura za kiafya ndani ya ndege karibu 12,000 za kati ya 2008 na 2010, wakakuta inatokea moja kwa kila safari 604, nyingi ni watu kuzimia tu (asilimia 37.4), ndege zilizobadili njia ni asilimia 7.3, waliofariki asilimia 0.3. Maana yake wengi wanapewa oksijeni, wanainuliwa miguu, wanapata nafuu, safari inaendelea. Na karibu nusu ya dharura hizo kulikuwa na daktari abiria aliyejitokeza, bado mashirika mengi yana daktari aliyeko chini anayeongea na rubani kwa redio au simu ya setilaiti.

Na uwanja wa karibu sio lazima uwe uwanja wa kuokoa. Chukua mfano wetu wenyewe. Umetoka Kigoma kwenda Dar, unapita anga ya Tabora, mtu kashikwa na moyo. Ukitua Tabora kuna Kitete, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, watamtuliza vizuri, ila mshipa wa moyo ulioziba unazibuliwa kwenye taasisi kama ya Jakaya Kikwete kule Dar. Utue sasa hivi apate daktari ndani ya nusu saa, au uvute mpaka Dar apate mtaalam? Kama moyo umesimama mi nasema tua Tabora bila kuuliza, kama anaongea na oksijeni inamsaidia nasita kweli. Anayedai rubani anaogopa gharama ya mafuta tu hajawahi kukaa na swali hilo.

Alafu kuna upande wetu abiria ambao hatupendi kuusema. Mjomba wangu alipopewa rufaa kwenda Muhimbili damu yake ilikuwa imeshuka sana, tukamvalisha koti la kaunda suti, tukamwambia asikohoe mbele ya kaunta, maana tuliogopa atakataliwa kupanda. Hakuna aliyetuambia kwamba ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inakuwa kama umepanda mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, na mwenye damu kidogo, selimundu au mapafu mabovu anaweza kuishiwa oksijeni akiwa amekaa tu. Zile ndege za panga boi zinazokuja kwetu mara nyingi zina wahudumu wawili, binti mmoja ndo alishika mtungi wa oksijeni kwa mjomba muda wote na mkono mwingine kamshika bega, mwenzie anagawa maji peke yake. Nilimuona jasho linamtoka. Hakutugombeza. Fomu ya MEDIF, ile ambayo daktari anajaza kueleza hali ya mgonjwa ili shirika lijiandae, mi niliisikia baadae kabisa. Mashirika yanayouza tiketi Kigoma yangeuliza kwa Kiswahili cha kawaida "kuna mgonjwa?" na kueleza kwamba kuulizwa sio kukataliwa, watu wangesema ukweli. Hapo nawalaumu wao kuliko wahudumu, na sisi pia.

Nilimueleza yule mzee wa Ujiji haya yote. Akaniuliza, yule mama walimfumba macho? Nikamwambia mwongozo ndo unavyotaka. Akakaa kimya, akamaliza kahawa, akauliza tena: na maiti haachwi peke yake, nani alikaa nae? Nikamjibu ni yule bwana wa Australia.