Watunzi na Waimbaji Ambao Broadway Haikuwakutanisha

Wapenzi wa tamthilia za muziki za Broadway, eneo la kumbi za maonyesho jijini New York, hawachoki kubishana juu ya jambo moja: mtunzi fulani angemwandikia mwimbaji fulani, ingekuwaje? Ubishi huo kwa kawaida huishia kwenye masikitiko. Mengi ya masikitiko hayo mimi siyaoni msingi wake. Machache, hata hivyo, yana haki ya kuuma.

Mfano unaotajwa sana ni tamthilia ya Gypsy, ya mwaka 1959. Stephen Sondheim, kijana ambaye hajatimiza miaka 30, alitaka kuandika muziki na maneno vyote. Nyota wa mchezo, Ethel Merman, akagoma. Mchezo wake uliotangulia, Happy Hunting, ulikuwa umetungwa na watunzi wapya Broadway, na hakutaka kujaribiwa tena. Muziki akapewa Jule Styne, Sondheim akabaki na maneno. Kuna wanaosema Merman alituibia kitu. Mimi nasema alijua anachokifanya. Styne aliwahi kuwanoa waimbaji wa filamu Hollywood, na alielewa sauti inaanza kuchoka wapi na inawaka wapi. Matokeo yake ni mojawapo ya kazi bora kabisa za fani hii, na Sondheim hakukosa nafasi ya kuandika muziki wake baadaye.

Vivyo hivyo Annie Get Your Gun. Jerome Kern ndiye aliyepangiwa kuitunga, akafariki Novemba 1945. Akaingia Irving Berlin, mchezo ukafunguliwa 1946, Merman huyohuyo akiwa mbele. Pengo likazibwa, tena vizuri.

Lakini wanaosikitika nao wana hoja, na hoja yao imo ndani ya wimbo wenyewe. Sondheim alipomwandikia Glynis Johns "Send in the Clowns" mwaka 1973, alikuwa na mwigizaji mwenye sauti nzuri ila asiyeweza kuvuta noti ndefu. Kwa hiyo akakata sentensi fupifupi, nyingi zikiwa maswali, ili apate pa kuvutia pumzi. Udhaifu wa mtu mmoja ndio uliochonga umbo la wimbo. Mwigizaji mwingine angezaa wimbo mwingine. Ukiliona hilo, unaelewa kwamba ushirikiano unapoharibika, kinachopotea huenda ni kitu ambacho hata hakikuwahi kufikiriwa.

Hello, Dolly! inazisaidia pande zote mbili, ndiyo maana naipenda. Jerry Herman aliitunga akimsikia Merman masikioni. Merman akakataa. Januari 1964 jukwaa likashikwa na Carol Channing, mwenye sauti nzito ya chini na vituko vyake, na mchezo ukavuma kupita matarajio. Nani atasema hapo palikuwa na hasara? Hata hivyo, nyimbo mbili zilizokuwa zimeshonwa kwa kipimo cha Merman ziliondolewa. Mwaka 1970 Merman alipokubali hatimaye kuwa Dolly, mhusika mkuu, zikarudishwa, na wasikilizaji wakagundua kwamba kwa miaka sita walikuwa wakitazama mchezo uliopunguzwa bila wao kujua. Lakini wachache sana wanaoupanga mchezo huo leo huzitumia. Toleo la Channing ndilo lililoshinda.

Kama ni kusikitika, mimi nasikitika kwa mwimbaji Judy Garland na mtunzi Harold Arlen. Hawa walikuwa wameshajuana: Arlen ndiye aliyetunga muziki wa nyimbo zake katika filamu ya The Wizard of Oz, 1939, na tena katika A Star Is Born, 1954. Katikati ya miaka hiyo Arlen alikuwa akipeleka michezo Broadway, Bloomer Girl mwaka 1944, St. Louis Woman mwaka 1946. Garland naye alijaza ukumbi wa Palace, humohumo New York, kwa matamasha yake mwaka 1951. Mtunzi yupo, mwimbaji yupo, mji ni uleule, lakini Garland hakuwahi kucheza tamthilia ya muziki Broadway hata moja, ya Arlen wala ya mwingine.

Wapo watakaonijibu kwamba asingedumu. Broadway ni maonyesho manane kwa wiki, na huyu ni mwigizaji aliyeondolewa kwenye filamu ya Annie Get Your Gun mwaka 1949 kwa kushindwa kuhimili kazi. Jibu hilo ni zito, silikatai. Ila mtunzi aliyejua mipaka ya sauti yake kiasi kile angeweza kumpangia nyimbo chache, zenye mapumziko katikati, hata kama mchezo ungeishi miezi mitatu tu.