Mwili mtaroni, makaratasi maktaba: ya Petropoulos yakae kwa nani?

Elias Petropoulos, mwandishi wa Kigiriki, alifia Paris mwezi wa tisa 2003, na wosia wake ulikuwa achomwe halafu majivu yamwagwe kwenye mtaro wa maji machafu. Mwenzi wake wa maisha, Mary Koukoules, akafanya vilevile alivyoagizwa, na tukio lenyewe limo kwenye filamu ya Kalliopi Legaki ya 2005. Sasa mtu huyohuyo ambaye mwili wake hakuutakia hata kaburi, makaratasi yake aliyatunza kama mboni ya jicho, na mwaka 1974, hajafika hata miaka 50, akayakabidhi maktaba ya Gennadius pale Kolonaki, Athens. Yaani mwili utupwe, karatasi zikae. Mi hilo jambo haliniishi kichwani, na limenirudia kwa nguvu tangu nipate kitabu chake chenye saini.

Ilikuwa hivi. Naishi Athens, mtaa wa Kypseli, na Jumapili nikiwa sina kazi nashuka Monastiraki kwenye uwanja wa Avissynias, ambao jina lake maana yake ni Uhabeshi, kule wanakouza vitu vya kale na vikorokoro. Humo kwenye boksi la vitabu nikakuta kile chake kidogo cha 1979 kuhusu kahawa ya Kituruki nchini Ugiriki, ukurasa wa mwanzo kuna maneno ya wino kwa mtu fulani na saini chini, katikati kuna nusu karatasi imeandikwa kwa mkono, na nusu nzima ya kurasa bado zimeshikana kwa juu hazijakatwa. Nikalipa nikaondoka moyo unanidunda. Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, akaniambia kwa ukali kabisa kwamba kukaa na kitu kama hicho kabatini ni kuwanyang'anya watu wote, peleka maktaba. Na muuza vitabu mmoja nikamwonesha, akaniambia toa hiyo nusu karatasi uuze peke yake na kitabu peke yake, utapata mara mbili. Wote wawili hawakunishawishi na wote wawili wana pointi, ndo maana naandika.

Kwa asiyemjua, Petropoulos alizaliwa Athens 1928 akakulia Thessaloniki, na kazi yake ya maisha ilikuwa kukusanya vitu ambavyo wasomi wa nchi yake walikuwa wanaviruka kama dimbwi la maji. Nyimbo za rebetika, zile za bandarini na za vijiwe vya bangi na za jela. Chale za wafungwa, yaani tatuu. Madanguro. Masharubu. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya wanajeshi kupindua nchi, akatoa kitabu kikubwa cha nyimbo za rebetika bila kupitisha kwa wakaguzi wa serikali, wakamfunga. 1971 akatoa Kaliarda, kamusi ya lugha ya siri ya mashoga wa Ugiriki, lugha ya kujifichia kama vijana wa Nairobi walivyoanza kujificha na Sheng wazazi wasielewe, ila hii ilikuwa ni kujificha polisi asielewe. Wakamfunga tena. Jumla alifungwa mara tatu chini ya utawala ule wa kijeshi. 1975 akahamia Paris, na 1979 alipotoa mwongozo wa mwizi mwema, kitabu ambacho kwa undani kinazungumzia jela na dola, mahakama ikamhukumu akiwa hayupo. Huko Paris ndiko alikomalizia maisha yake.

Sasa turudi kwenye hoja.

Watu wanaokusanya wana haki yao kubwa kuliko wanavyopewa. Fikiria mwaka 1971, kamusi imemfunga mwandishi jela, ni ofisi gani ya serikali ingeiweka kwenye rafu vizuri na namba yake? Walioiokoa ni watu binafsi, mtu kaiweka chini ya godoro, mwingine kaificha nyuma ya vitabu vya shule vya watoto. Na siyo yeye tu. Mchapishaji Leonidas Christakis alikuwa anatoa majarida yake kama Ideodromio kwa nguvu za mfukoni, mwimbaji Nikolas Asimos alikuwa anarekodi kaseti mwenyewe na kuziuza mkononi Exarchia, mtaa mmoja wa hapa Athens, mpaka alipofariki 1988, vitu kama hivyo havikutengenezwa vidumu, karatasi ya bei rahisi na pini za chuma zinazoota kutu, na kama kusingekuwa na mtu mmoja king'ang'anizi aliyekataa kutupa leo tungebaki na hadithi tu. Hapa Athens kuna wale jamaa wa pikapu wanaopita mitaani na kipaza sauti, wanaitwa paliatzis, wananunua makorokoro kama wanunuzi wa vyuma chakavu wa kwetu. Mzee akifariki, watoto wanataka nyumba ipangishwe haraka, jamaa anaitwa, anabeba majiko na viti na maboksi ya karatasi bila kuangalia, na kati ya pikapu na jalala kitu pekee kinachoweza kusimama ni mtu anayejua jina la Petropoulos akiliona. Mkutubi hayupo pale saa hiyo. Mkusanyaji yupo, kaamka saa kumi na moja asubuhi.

Halafu kuna hili la saini yenyewe. Watu wanasema kupenda saini ni kuabudu mtu, na kwa mwandishi aliyedharau vyeo vyote ni kumtukana. Mi sikubali sana. Kitabu kilichoandikwa kwa mtu fulani, kwa jina lake, na tarehe, na mji, kinakuonesha nani alikuwa anaongea na nani, nani alimsaidia, nani alimtembelea Paris wakati hawezi kurudi kwao. Ukiziweka pamoja saini 50 za namna hiyo una ramani ya watu. Na Petropoulos mwenyewe hakuwa mtu wa kudharau kitabu kama kitu cha kushikika, alitengeneza vitabu vingine kwa uangalifu mkubwa, wachoraji kama Alekos Fassianos wakamchorea, alijua kabisa kuna watu watakaovitunza. Wagiriki wana mfano mkubwa zaidi wa hilo, Kavafis wa Alexandria, mshairi wao mkubwa wa karne iliyopita, ambaye hakuwahi kuuza kitabu dukani, alikuwa anachapisha mashairi kwenye karatasi moja moja, anazibana pamoja, anarekebisha neno kwa kalamu na kumpa rafiki mkononi. Kila nakala ya namna hiyo ni ya peke yake. Kama waliopewa wasingezitunza tungepoteza mengi.

Ila.

Ila soko likishaingia linakata vitu vipande. Hili ndo linaloniuma kuliko yote na ndo maana yule muuza vitabu alinikera japo aliongea kwa upole. Nusu karatasi iliyolala ndani ya kitabu miaka 40 na ushee imeacha alama ya rangi kwenye kurasa mbili zilizoibana, ukiitoa ukaiuza, kitabu kimebaki na kovu lisiloeleweka na karatasi imekuwa yatima, hakuna tena atakayejua ilikuwa ya nani, ilijibu nini, iliwekwa humo na nani. Barua moja inakwenda Thessaloniki, picha inakwenda Ujerumani, bahasha inakwenda kwa mtu wa stempu. Bei ya vipande inazidi bei ya kizima, kwa hiyo kila anayeshika anashawishika kukata. Mtu anayejiita mpenzi wa mwandishi anaweza kummaliza kuliko hakimu aliyemfunga, maana hakimu alichukua miezi tu ya mtu, huyu anachukua uhusiano kati ya karatasi na karatasi na huo haurudi.

Na kuna watu ndani ya hayo makaratasi. Hapa naomba tusimame kidogo. Kamusi ya Kaliarda haikutoka hewani, ilitoka midomoni mwa watu ambao mwaka 1971 wangekamatwa. Chale alizozinakili zilikuwa kwenye ngozi za wafungwa wenye majina na mama zao. Mkusanyaji binafsi akipata daftari la namna hiyo hakuna anayemuuliza kitu, anaweza kupiga picha akaposti kila ukurasa ili apate sifa au mnunuzi. Wengine kati ya hao watu wako hai bado, wana wajukuu. Maktaba ina utaratibu, inaweza kufunga faili kwa miaka, inajua kusema hapana. Hii peke yake inanitosha kuona kwamba madaftari na barua, tofauti na kitabu kilichochapishwa, mahali pake si sebuleni kwangu.

Tena wengi hawajui kwamba ukinunua barua umenunua karatasi tu. Maneno yaliyo juu yake si yako. Sheria ya Ugiriki inalinda haki za mwandishi miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo ya Petropoulos yanabaki kwa warithi wake mpaka mwisho wa 2073. Huwezi kuyachapisha bila ruhusa yao. Mtu analipa pesa nyingi kwa kitu ambacho kisheria anaweza kukitazama na kukiuza, basi.

Je, maktaba ndo jibu basi? Mwalimu jirani yangu anaamini hivyo moja kwa moja, mi naona kuna ugumu. Gennadius ni mahali pazuri mno, ilifunguliwa 1926 kwa vitabu kama 26,000 vya Joannes Gennadius aliyekuwa balozi London, naye alikuwa mkusanyaji binafsi kwelikweli, kwa hiyo wanaowasema wakusanyaji wakumbuke maktaba hiyo ilizaliwa na nani. Na ni ya shule ya Wamarekani ya kusomea Ugiriki ya kale, siyo ya serikali ya Ugiriki, na kwa mtu aliyefungwa mara tatu na serikali hiyo nadhani hilo lilikuwa na uzito wake alipochagua. Lakini Kolonaki ni mtaa wa matajiri. Jengo lina nguzo za marumaru kama hekalu. Kijana wa Exarchia anayeimba rebetika usiku na kusafisha vyombo mchana, ambaye babu yake ndo aliandikwa humo, hawezi kujisikia tu kuingia pale na viatu vyake vya kazi akaomba boksi. Anaruhusiwa, lakini kuruhusiwa na kujisikia umekaribishwa ni vitu viwili. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipita nje ya geti mara tatu.

Kilichonifanya nianze kuona njia ni habari ya makaratasi ya Kavafis. Yalikuwa mikononi mwa mtu binafsi miaka mingi, watu wakaogopa yatauzwa vipandevipande nje ya nchi, mwishoni mwa 2012 taasisi ya Onassis ikayanunua yote kwa pamoja, na 2019 yakawekwa kwenye intaneti bure, mtu yeyote mwenye simu anayafungua, anaona mwandiko wake, anaona alivyofuta neno. Pale nadhani ugomvi wa nani ashike unapungua makali. Kitu kimoja kinakaa mahali pamoja kizima, na macho yote yanafika. Lakini angalia kilichotangulia, lazima kwanza kiwe kizima. Skani ya barua 100 zilizokwisha kusambaa kwa watu 100 haiwezekani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mtu akinipinga nitamsikiliza. Kitabu kilichochapishwa chenye saini, mtu binafsi akae nacho, akisome, akirithishe, sioni dhambi, nakala zingine zipo. Karatasi za mkono, madaftari, barua, hizo mkusanyaji ajione kama mtu anayemlelea mwenzake mtoto, azitunze akijua zina kwao. Na kilichokutwa ndani ya kitabu kisitengane na kitabu hata kwa pesa gani. Hii ya mwisho kwangu haina mjadala kabisa.

Nimebakiwa na kurasa zangu zilizoshikana. Vitabu vingi vya Kigiriki vya zamani vilikuwa vinatoka hivyo, msomaji anakata mwenyewe kwa kisu, na wanaokusanya wanasema ukikata thamani inashuka. Nikalifikiria siku nne. Mtu aliyeandikiwa kile kitabu kwa wino na jina lake alisoma mpaka katikati akaacha, au hakufika, mi sijui maisha yake yalikuwaje, ila mwandishi alikaa akaandika zile kurasa ili zisomwe. Ni kitabu cha kahawa jamani, kimeandikwa na mtu aliyewaambia wenzake kwamba hii mnayoiita ya Kigiriki ni ya Kituruki, na neno lenyewe, kahve kwa Waturuki, kafes kwa Wagiriki, kahawa kwetu, wote tulilitoa kwa Waarabu.

Nikachukua kisu cha mkate, nikakata taratibu, nikipuliza vumbi la karatasi mezani. Mwalimu akaja jioni akaona, akanyamaza, halafu akavuta kiti akaanza kunisomea kwa sauti kuanzia pale yule wa kwanza alipoachia, maana Kigiriki changu cha kusoma bado kinachechemea. Ile nusu karatasi tumeirudisha kwenye kurasa zake zilezile, alama kwa alama. Alhamisi tunapanda wote wawili Kolonaki kuwauliza kama wanaitaka, na tumekubaliana tutakachowaambia, wachukue vyote viwili, kama hawataki kimoja tunarudi navyo vyote.