Kristo wa Taüll: abaki Barcelona au arudishwe mlimani?

Mchoraji mkubwa kuliko wote wa Katalonia, jimbo la Hispania, katika karne ya 12 hatumjui kwa jina. Wanahistoria humwita Fundi Mkuu wa Taüll, kwa kufuata kijiji cha bonde la Boí, katika milima ya Pyrenees, ambako kanisa la Mtakatifu Klementi liliwekwa wakfu tarehe 10 Desemba 1123. Tarehe hiyo iliandikwa kwenye nguzo ya kanisa lenyewe, pamoja na jina la Askofu Ramon aliyelibariki. Jina la askofu likabaki, la mchoraji halikuandikwa popote. Kwa hiyo maisha yake tunayasoma katika kazi yake tu, yaani michoro ya ukutani ya kanisa hilo, maarufu kwa jina la Kristo wa Taüll, na kazi hiyo haiko tena pale alipoifanya. Imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalonia, Barcelona.

Je, ilikuwa haki kuihamisha? Na je, sasa irudishwe?

Tuanze na ukuta wenyewe. Nyuma ya altare, juu, Kristo ameketi ndani ya umbo la lozi, mkononi ana kitabu kilichofunuliwa penye maneno ya Kilatini: mimi ni nuru ya ulimwengu. Nywele, ndevu na mikunjo ya vazi vimechorwa kwa mistari thabiti, na mkono wake wa kubariki unavuka mpaka wa lile lozi, kama kwamba baraka haiwezi kuzuiliwa humo ndani. Chini yake wamesimama mitume, na Bikira Maria ameshika bakuli linalotoa miali myekundu, naye amelishika kwa mkono uliofunikwa na vazi. Kando, kwenye tao, yupo Lazaro maskini, na mbwa analamba vidonda vyake. Wataalamu wengi wanaona athari za Italia na Bizanti katika mkono huu. Hata hivyo buluu yake inatokana na aerinaiti, madini yanayopatikana katika milima hiyohiyo. Fundi aliyefunzwa vyema alitumia mawe ya pale alipofika.

Mwaka 1907 msafara wa wasomi ulioongozwa na Josep Puig i Cadafalch ulipita makanisa ya milimani, na baadaye michoro ya makanisa hayo ikachapishwa katika nakala za rangi. Sifa ikaenea, wafanyabiashara nao wakafika. Mwaka 1919 michoro ya kanisa la Santa Maria de Mur ilibanduliwa ukutani, ikauzwa, na mwaka 1921 ikaishia katika makumbusho ya Boston, Marekani. Bodi ya makumbusho ya Barcelona ilishtuka. Ikawalipa mafundi walewale kutoka Italia walioibandua michoro ya Mur waibandue michoro iliyobaki, kwa ajili yake safari hii. Kati ya 1919 na 1923 walipaka gundi juu ya rangi, wakabandika vitambaa, wakavivuta vikatoka na rangi yake, wakavikunja na kuvibebesha nyumbu hadi bondeni.

Wanaoitetea hatua hiyo wana hoja nzito, nami naikubali. Bila bodi ile, Kristo wa Taüll huenda leo angekuwa ng'ambo ya bahari. Sheria ya wakati ule ilikuwa dhaifu, na kanisa la kijiji maskini lisingeweza kushindana na fedha za matajiri.

Lakini upande wa pili nao una neno, na mara nyingi hausikilizwi. Michoro ile ilikuwa sehemu ya Misa. Padri alipoinua kikombe altareni, juu yake palikuwa na Maria mwenye bakuli lile linalowaka. Aliyesimama kanisani aliviona vyote viwili kwa pamoja. Katika ukumbi wa makumbusho bakuli limebaki kuwa fumbo la wataalamu, kwa sababu kikombe hakipo. Hicho ndicho kilichopotea, na neno "uokoaji" hukificha.

Wengine huitaja Sijena, katika jimbo jirani la Aragon, ambako michoro ya monasteri iliungua mwaka 1936, mabaki yake yakapelekwa Barcelona, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Hispania ikaamua yarudishwe. Kesi hizi mbili hazilingani. Sijena ilikuwa hoja ya nani mmiliki. Taüll michoro ilinunuliwa. Swali la Taüll ni la kimaadili na la kiufundi, na kwangu mimi ufundi ndio unaoamua. Kilichoko Barcelona ni tabaka jembamba la rangi lililokwisha kung'olewa mara moja na kubandikwa upya. Kuling'oa tena ili kutimiza haki ni kuhatarisha kitu chenyewe tunachokigombea. Libaki.

Hata hivyo, hatari ya 1919 haipo tena. Tangu mwaka 2000 makanisa ya bonde la Boí ni urithi wa dunia wa UNESCO, na tangu 2013 michoro huonyeshwa kwa mwanga juu ya ukuta wa Mtakatifu Klementi, palepale ilipokuwa. Ukarabati pia ulifichua kipande cha Kaini akimuua Abeli, kilichosahauliwa ukutani. Kipande hicho kimeachwa mahali pake. Makumbusho ikiendelea kuishikilia kazi ya Fundi Mkuu, iwaeleze wageni waziwazi kwamba inaishikilia kwa sababu ya udhaifu wa rangi, si kwa sababu Taüll haiwezi kuitunza.