Watu wa Kisumu, Ruma iko hapo tu na hatuendi

Kila Desemba nikifungua simu naona watu wangu wa Kisumu wako Mara, wako Naivasha, wengine wamefika hadi Amboseli, na sina shida na hiyo, pesa ni zao na Mara ni Mara. Kinachoniuma ni kwamba ukiwauliza Ruma National Park iko wapi wengi wanakuangalia tu. Iko Homa Bay jamani! Bonde la Lambwe, kilomita mraba 120 za nyasi na migunga, ukitoka Kisumu unapita Katito na Kendu Bay, asubuhi haijaisha uko getini.

Na si ati naisifia kwa sababu ni ya nyumbani. Kuna mnyama anaitwa korongo, swala mkubwa karibu saizi ya farasi, zamani alikuwa hadi Mara na Shimba Hills lakini leo Kenya nzima amebaki Ruma peke yake. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15. Kumi na tano, nchi nzima! Ukimuona hutasahau: sisi tulimkuta amesimama nyasi zikimfika tumboni, uso mweusi wenye mabaka meupe kama amevaa kinyago, masikio marefu yenye kishungi cha nywele kwa ncha, pembe zimepinda kurudi mgongoni, akatuangalia weee, halafu akaingia zake kwa nyasi na hatukumuona tena hata tulipozunguka upande wa pili. Tanzania wako, Zambia wako, lakini wetu wakiisha ndio basi, mtoto wa Kenya atamuona kwa picha. Wamemalizwa na mitego ya nyaya, na mashamba yaliyowazunguka, na sasa kuna eneo maalum limezungushiwa uzio ndani ya mbuga ili wazaane kwa usalama. Hiyo kazi naiunga mkono mia kwa mia.

Ukienda usitarajie mambo ya Mara. Kama unataka simba na ndovu, enda Mara. Ruma utapata twiga wa Rothschild wengi na karibu, kongoni, topi, nyati, na taya, yule swala mdogo anayeruka kutoka kwa nyasi ukiwa hujajua hata kama yuko. Vifaru weusi pia wako, waliletwa 2012 kutoka Mugie kule Laikipia. Wapenzi wa ndege waende kati ya Aprili na Septemba, kuna mbayuwayu wa bluu anayekuja kutoka kusini mwa Afrika na hapa Kenya Ruma ndio mahali pake. Lakini kitu kinachonishika mimi zaidi ni kwamba unaweza zunguka asubuhi nzima usione gari lingine, mkikutana na twiga ni nyinyi na yeye, hakuna magari ishirini yamemzunguka madereva wakipigiana kelele.

Sasa mbung'o. Lazima niseme ukweli hapa kwa sababu watu huenda bila kuambiwa. Ukifungua dirisha kidogo wanaingia, na wanauma juu ya nguo, hata suruali ya jeans haiwazuii. Usivae bluu wala nyeusi, ndio rangi wanazofuata, hata mitego yao utaiona imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Hao wadudu wameumiza watu wa Lambwe kweli, ugonjwa wa malale kwa binadamu, nagana kwa ng'ombe, familia zilihama. Lakini pia ndio sababu bonde lilibaki bila watu wengi hadi likafanywa hifadhi 1966 na mbuga ya taifa 1983, otherwise saa hii ingekuwa miwa kutoka Ndhiwa hadi ziwani.

Barabara ukishaacha lami ni udongo mweusi, mvua ikinyesha gari ndogo haitoki, kwa hivyo Januari na Februari ndio poa. Kiingilio unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Kulala kuna nyumba ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, inaitwa Oribi, iko juu inaangalia bonde lote, au unalala Homa Bay au Mbita na kesho yake unapitia Rusinga kwa kaburi la Tom Mboya.

Ombi langu ni kwa shule. Kila mwaka mabasi ya shule za Kisumu, Siaya na Homa Bay yanaenda hadi Mombasa, mzazi anachangishwa hela ya maana, na mtoto wa Mbita anamaliza darasa la mwisho bila kuingia mbuga anayoiona milima yake kutoka kwao. Walimu wakuu, trip moja tu kwa mwaka iwe Ruma. Na kaunti ya Homa Bay iweke basi la Jumamosi kutoka stendi hadi ndani ya mbuga, kwa sababu sasa hivi usipokuwa na gari yako au ya kukodi hiyo safari haiko, na watu wengi wa hapa hawana.